Madem wa Mexico City na Brashi Zao

Wasee wa sanaa, siku mtajipata Mexico City, shukeni steji ya metro ya Chapultepec muingie Museo de Arte Moderno. Mi nilienda ju ya Frida Kahlo, na walai hakuniangusha. "Las dos Fridas" ya 1939 ni kitu kubwa, karibu mita 1.73 kila upande. Frida wawili wameshikana mikono, mioyo iko nje, mshipa mmoja umewaunga, na damu inadondoka kwa dress nyeupe. Ni ule mwaka waliachana na bwanake, Diego Rivera.

Lakini mwenye alinimaliza kabisa ni Remedios Varo. Msupa wa Uhispania, mzaliwa wa 1908. Vita ikamhepesha kwao, Wanazi wakamhepesha Paris, akatua Mexico 1941. Cheki "Creación de las aves" ya 1957: dem mwenye uso wa bundi ameketi kwa meza, brashi yake imeungwa na violin inaning'inia kifuani, mkono ile ingine imeshika kioo inavuta mwanga kutoka dirishani. Ndege anachora zinaamka kwa karatasi, zinapaa. Nilikwama hapo, maze, hadi mbogi yangu ikaniacha. Kisha kuna ile ya 1960, "Mujer saliendo del psicoanalista". Dem ametoka kwa daktari wa akili, amening'iniza kichwa ya mzee kwa ndevu, anataka kuiangusha kwa kisima. Varo alieleza mwenyewe hiyo ni kichwa ya buda wa huyo dem. Hiyo ni ujasiri mob!

Beshte yake alikuwa Leonora Carrington. Kwao Uingereza doh ilikuwa imejaa, lakini 1940 akili ilipomsumbua alifungiwa hosi huko Santander. Familia ikapanga kumtuma Afrika Kusini. Kufika Lisbon akamhepa mlinzi, akarukia teksi hadi ubalozi wa Mexico. Huko Mexico City yeye, Varo na mpiga picha Kati Horna wakawa mbogi moja, wanaingia kwa keja ya mwenzao vile wanataka. 2024, "Les Distractions de Dagobert" yenye Carrington alichora 1945 iliuzwa New York dola milioni 28.5.

Majamaa wa surealisti wa Paris, wale wa kuchora vitu za ndoto, walipenda dem akae tu apendeze, wao ndio wachore. Hawa madem walishika brashi wakachora vichwa zao wenyewe, na kwangu mi wamewashinda hao majamaa.

Lakini haikuwa rahisi. Varo alisota, jo. Kwa muda alichorea kampuni ya Bayer matangazo ya dawa, sahihi anaweka jina ya kina mathe, Uranga. Show yake ya kwanza solo ilikuja 1956, akiwa 47. 1963 akadedi. Alipata miaka saba tu baada ya hiyo show. So we manzi uko na daftari imejaa michoro chini ya bed, itoe leo, weka jina yako, ibandike mahali watu wanapita.