MITI YA MBAO NA MSAADA WA SERIKALI
Maelezo kwa mkulima mwenye shamba dogo

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mkulima wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mwenye eka moja, mbili au tano za miti ya mbao, au anayekusudia kupanda. Watu wengi husikia ya kuwa Serikali inasaidia biashara ya mbao, lakini hawajui msaada huo ni kitu gani, wala hawajui mwisho wake uko wapi. Kutojua huko huwatia hasara. Wengine hungoja Serikali iwatafutie mnunuzi na kuwapangia bei, jambo ambalo haiwafanyii. Wengine huacha bure mambo ambayo wangepewa kama wangeyaomba. Basi yafaa kila mkulima ajue msaada upi ni haki yake kuutafuta, na kazi ipi imebaki mikononi mwake mwenyewe.

1. Kwa nini Serikali iliingia katika kazi ya miti

Mahindi hupandwa na kuvunwa katika mwaka mmoja. Msindano, ambao wengi huuita paina, hutaka miaka kumi na minane hata ishirini na mitano kabla ya kutoa mbao nzuri. Kwa sababu hiyo biashara ya mbao ni ngumu kuanza. Mwenye kinu cha kupasulia mbao hajengi mahali pasipo na magogo. Mwenye shamba naye hapandi miti mahali pasipo na kinu. Kila mmoja humngoja mwenziwe, na miaka hupita.

Serikali ndiyo iliyoweza kuukata mzunguko huo, maana yaweza kungoja kuliko mtu mmoja. Shamba la miti la Sao Hill, katika Wilaya ya Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya Serikali nchini Tanzania. Eneo lake lapita hekta 130,000, ingawa si lote lililopandwa. Upandaji mkubwa ulifanywa katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, na kiwanda cha karatasi kikajengwa Mgololo ili kitumie miti hiyo. Vinu vya mbao navyo vikaja Mafinga na vijiji vya jirani.

Mkulima aangalie jambo hili vema. Wapasuaji, madereva wa malori na wafanya biashara walioletwa na miti ya Serikali ndio hao hao wanaonunua miti yake leo. Huo ni msaada wa kwanza, na mkubwa, ijapokuwa hakupewa mtu mkononi.

2. Msaada ambao mkulima aweza kuutafuta

Mbegu na utafiti. Katika miaka ya nyuma msindano wa aina ya Pinus radiata ulipandwa sana katika Afrika ya Mashariki. Kisha ukapatwa na ugonjwa wa majani uitwao Dothistroma, na katika miaka ya 1960 upandaji wake ukaachwa, ukafuatwa zaidi ule wa Pinus patula. Mkulima mmoja asingeweza kutambua jambo kama hilo peke yake. Angejua baada ya miti yake kuharibika. Ndiyo maana Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, ilianzishwa mwaka 1980. Mbegu zilizothibitishwa hupatikana kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ulioanzishwa mwaka 2010. Mbegu iliyookotwa chini ya mti wowote ni ya bei nafuu siku ya kupanda, lakini hasara yake huonekana miaka kumi baadaye, miti inapokuwa imepinda na kujaa matawi manene.

Elimu na vikundi. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na Serikali ya Finland, ilianza mpango ulioitwa Panda Miti Kibiashara, na awamu ya pili ikaanza mwaka 2019. Mipango hiyo ilisaidia vijiji kupima matumizi ya ardhi yao, ikawakusanya wapandaji katika vikundi vya kijiji, na kituo cha mafunzo ya misitu na mbao kikawekwa Mafinga. Misaada ya namna hii huja na kuondoka, lakini kikundi kilichosimama vema hubaki.

Fedha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliweka Mfuko wa Misitu Tanzania, ambao hutoa ruzuku kwa kazi za kupanda na kutunza miti. Kikundi kilichoandikishwa, chenye daftari safi la fedha na la wanachama, huomba kikiwa na nguvu kuliko mtu mmoja asiye na karatasi yoyote.

Ushauri. Kila Halmashauri ya Wilaya ina Bwana au Bibi Misitu. Mwulize juu ya aina ya mti ifaayo udongo wako, nafasi ya kupanda, wakati wa kupunguza miti, na vibali vya kukata na kusafirisha mbao. Mwulize kabla ya kuingiza msumeno shambani. Mbao zilizo barabarani bila kibali huweza kukamatwa hata kama miti ilikuwa yako.

3. Mambo ambayo Serikali haikufanyii

Serikali haikupangii bei ya mti uliosimama shambani mwako. Bei hiyo ni mapatano yako na mnunuzi. Tena Serikali hainunui miti yako. Yenyewe ni muuzaji, maana huuza miti ya mashamba yake kwa wenye vinu. Katika soko hilo hilo wewe nawe ni muuzaji.

Tena ujue ya kuwa amri za Serikali, hata za nchi nyingine, hubadili soko. Tazama mfano wa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya huko ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, na zuio hilo halikuondolewa mpaka mwaka 2023. Katika miaka hiyo wajenzi wa Kenya walitafuta mbao nje ya nchi yao, na mbao za Tanzania zilikuwa miongoni mwa zilizoziba pengo. Mwenye miti iliyokomaa wakati kama huo aweza kunufaika. Mwenye miti michanga hana budi kuvumilia, la sivyo atauza nafasi yake pamoja na miti yake.

4. Hesabu ya unene

Hapa ndipo wakulima wengi hupoteza mali. Ada ya shule inadaiwa, au kuna mgonjwa nyumbani. Dalali huja, hutazama shamba la miti ya miaka minane, hutaja fedha za shamba zima kwa kukadiria kwa macho, na mwenye shida hukubali. Siku hizi zipo mashine ndogo za kuhamishika, ambazo watu huziita dingdong, zinazoweza kupasua magogo membamba. Kwa hiyo mnunuzi wa miti michanga hakosekani. Lakini kupatikana kwa mnunuzi hakuonyeshi ya kuwa wakati wa kuuza umefika.

Chukua magogo mawili, kila moja la urefu wa mita 4. La kwanza lina kipenyo cha sentimita 15, la pili sentimita 30. Watu hudhani la pili lina mti mara mbili ya la kwanza. Sivyo. La kwanza lina mita za ujazo 0.07, na la pili 0.28, yaani mara nne. Unene ukiongezeka mara mbili, mti huongezeka mara nne, hata kama urefu haukubadilika.

Tena gogo ni la mviringo, na ubao ni wa pembe nne. Katika gogo jembamba sehemu kubwa huishia kuwa mabanzi na unga wa msumeno. Tena mti ulioota katika miaka ya kwanza, ulio karibu na kiini, ni laini, na mbao zake hupinda zikikauka. Kwa sababu hizi mnunuzi hulipa kidogo kwa kila mita ya ujazo ya miti myembamba. Basi mwenye kuuza mapema hupunjika mara mbili: ana mita chache za kuuza, na kila mita ina bei ndogo.

Usiuze kwa macho. Pima. Zungusha kamba kwenye mti katika kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini. Ipime kamba kwa rula au futi, kisha gawanya kwa 3.14, utapata kipenyo. Mti wenye mzunguko wa sentimita 47 una kipenyo cha sentimita 15. Wenye mzunguko wa sentimita 94 una sentimita 30. Hesabu miti yote, andika mingapi ni myembamba, mingapi ni ya kati, mingapi ni minene. Mpelekee Bwana Misitu au kiongozi wa kikundi karatasi hiyo, mkadirie pamoja mita za ujazo, na uulize bei kwa wanunuzi zaidi ya mmoja. Dalali akikuta karatasi mkononi mwako atazungumza nawe kwa namna nyingine.

5. Namna ya kuweza kungoja

Kumwambia mwenye shida angoje miaka ishirini ni maneno matupu, kama hakuonyeshwa njia. Njia zipo.

Usipande shamba zima katika mwaka mmoja. Mwenye eka nne apande nusu eka kila mwaka kwa miaka minane. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, nusu eka huchukua miti 225 hivi, nayo ni kazi ambayo nyumba moja yaweza kuipalilia vema. Miti ya kwanza ikikomaa, atakuwa na nusu eka ya kuvuna kila mwaka kwa miaka minane. Na shida ikija kabla ya wakati, atauza kipande kimoja tu, na vingine vitaendelea kukua.

Katika miaka ya kwanza, kabla ya vivuli kufunga, panda maharage au mazao mengine mafupi kati ya mistari. Palizi ya chakula ni palizi ya miti pia.

Miti ikianza kusongana, ipunguze. Kata iliyopinda, iliyodumaa na yenye ncha mbili, uiuze kuwa fito, nguzo au kuni. Wengi huogopa kupunguza, wakiona ni kupoteza miti. Lakini miti iliyosongana hugombea mwanga na maji, na yote hubaki myembamba. Pogoa pia matawi ya chini mapema, ili mbao zisijae mafundo.

Weka akiba katika kikundi, ili mwanachama aliyepatwa na shida akope badala ya kukata. Uzeni pamoja vilevile, maana mnunuzi mwenye lori hupendelea mahali ambapo gari lijae kwa siku moja, naye hulazimika kusikiliza watu ishirini kuliko mmoja.

6. Moto, maji na chakula

Wakati wa kiangazi moto mmoja huweza kumaliza kazi ya miaka kumi na mitano katika mchana mmoja. Moto hauulizi mpaka ni wa nani. Safisheni njia za kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka, kila mtu upande wake, na mtu asichome shamba bila kuarifu jirani na serikali ya kijiji na kupata ruhusa.

Usipande mikaratusi karibu na chemchemi wala mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Wala usigeuze vinyungu vyako kuwa shamba la miti. Bonde linalokulisha mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi ndilo linalokuwezesha kungoja miti ya mlimani. Aliyepanda miti mahali pa chakula ataikata akiwa na njaa, ikiwa bado michanga.

Tena hakikisha ya kuwa haki yako ya ardhi imeandikwa kijijini na mipaka inajulikana kwa majirani. Miaka ishirini ni mingi. Wazee walioshuhudia mpaka huenda wasiwepo siku ya kuvuna.

Mkulima akumbuke haya:

Chukua mbegu iliyothibitishwa, si ya kuokota.
Jiunge na kikundi, na uombe ruzuku na mafunzo kwa jina la kikundi.
Panda kidogo kidogo kila mwaka, na uache nafasi ya chakula.
Palilia, pogoa, na upunguze kwa wakati wake.
Linda shamba na moto.
Pima kabla ya kuuza, na upate kibali kabla ya kukata.

Serikali imeleta vinu, imetafiti mbegu, imeweka sheria na mfuko. Kungoja na kupima ni kazi ya mwenye shamba. Miti ya mwenye kufanya yote mawili itamlipa. Ya mwenye kuyaacha itamlipa dalali.