Mizani ya Hewa Iko Kampala, Moshi Uko Jikoni Rugu

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kidogo bei za kahawa, maharage na ndizi na kuitazama bidhaa ambayo kila mtu anaitumia bila kuilipia, nayo ni hewa. Sababu ni ya kibiashara. Mzazi anayeuguza mtoto mwenye nimonia haendi shambani wala hafungui duka, na fedha za msimu huishia kwenye dawa na nauli ya hospitali.

Mkulima wa Rugu anajua kuwa kahawa haiuzwi kabla ya kupita kwenye mizani. Hewa nayo isipopimwa, hakuna awezaye kusema imechafuka kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi ya kituo cha kupima hewa.

Mfano ulio jirani uko Kampala. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umefunga vipimo kwenye nguzo, majengo na hata bodaboda. Kifaa huvuta hewa, huipitisha kwenye mwanga wa leza na kukadiria wingi wa chembe za moshi na vumbi kwa jinsi zinavyoutawanya mwanga huo. Matokeo husafirishwa kwa mtandao wa simu.

Chembe zinazotafutwa zaidi ni zile zisizozidi maikromita 2.5, unene wa unywele mmoja ni zaidi ya mara 20 ya hizo. Huingia ndani kabisa ya mapafu, nyingine hupenya hadi kwenye damu, na huchangia maradhi ya kifua, moyo na kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, na wa siku moja usizidi 15.

Takwimu hizo zina faida tatu. Kwanza, humwonyesha mwenye pumu saa za kujihadhari. Mara nyingi asubuhi na jioni hali huwa mbaya, kwani magari ni mengi, majiko yanawaka na hewa ya baridi huufanya moshi ukae chini. Pili, kulinganisha vituo huonyesha chanzo, kama ni barabara ya vumbi, kiwanda au uchomaji wa taka. Tatu, hupima matokeo ya hatua zinazochukuliwa. Magari yaliposimamishwa Uganda mwaka 2020 kwa ajili ya korona, vipimo vya Kampala vilionyesha hewa imekuwa safi zaidi.

Aidha, mwenye mizani ni muhimu. Machi 2025 Marekani ilisitisha kutangaza takwimu za hewa kutoka balozi zake duniani, ukiwemo wa Kampala. Vipimo vya Makerere, vilivyotengenezwa na Waganda wenyewe, viliendelea.

Hata hivyo, kituo hupima hewa ya nje. Kwa Rugu hatari kubwa iko jikoni, ambako moto wa kuni katika chumba kisicho na dirisha unaweza kufikisha chembe hizo mamia ya maikrogramu. WHO ilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa mfanyabiashara hilo ni soko, lakini lina kikwazo. Mkulima hupata fedha kwa msimu, na kuni huokotwa au kununuliwa kidogo kidogo, wakati gesi hulipiwa mtungi mzima. Atakayepata njia ya kuuza nishati kwa mafungu madogo, au kwa mkopo hadi mavuno ya kahawa, ndiye atakayepata wateja vijijini.

Kwa sasa yapo yasiyohitaji mtaji mkubwa: kukausha kuni vizuri kabla ya kuziwasha, kutoboa dirisha la pili jikoni, kupikia nje wakati wa kiangazi, na kutombeba mtoto mgongoni wakati wa kupuliza moto.