Je, Wajua? Waliomfua Katniss Everdeen

Ukimtaja Katniss Everdeen, shujaa wa riwaya ya The Hunger Games ya Mmarekani Suzanne Collins (2008), watu humwona na upinde mkononi, peke yake msituni. Husifiwa kuwa msichana aliyejiokoa mwenyewe. Sifa hiyo ina chumvi nyingi. Karibu kila alichokitumia kubaki hai alikipata kwa mtu.

Je, wajua kuwa mwalimu wake mkubwa amekwisha kufa hadithi inapoanza? Ni baba yake, mchimbaji wa makaa ya mawe katika Wilaya ya 12 ya nchi ya kubuni iitwayo Panem. Alikufa katika mlipuko wa mgodi Katniss akiwa na miaka 11. Kufikia hapo alikuwa ameshamfundisha kulenga shabaha, kuogelea katika ziwa lililojificha msituni na kutambua mimea inayolika. Pinde alizichonga mwenyewe akazificha porini, kwa kuwa wenye mamlaka hawakutaka raia wawe na silaha. Hata jina la bintiye ni la mmea wa majini wenye majani kama ncha ya mshale na viazi vinavyolika. Baba alimtania kwamba maadamu anaweza kujipata mwenyewe, njaa haitamuua.

Je, wajua kuwa baba huyo ana chembe za baba halisi? Baba yake Collins alikuwa afisa wa Jeshi la Anga la Marekani na alitumikia katika vita vya Vietnam. Alikulia katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, wakati kuwinda kulikuwa njia ya kupata kitoweo. Ukubwani aliendelea kuokota uyoga wa porini, akaja nao nyumbani na kuukaanga. Mkewe aliwakataza watoto hata kuusogelea. Mzee aliula mwenyewe, na haukumdhuru.

Mama yake Katniss huwa hatajwi kwa wema, nami naona anaonewa. Kweli, mumewe alipofariki alizama katika huzuni hadi akashindwa kuwalisha wanawe, na binti wa miaka 11 akageuka mlezi wa nyumba. Lakini mama huyo alitoka katika familia ya wauza dawa mjini. Kitabu cha mimea ambacho familia ilikitumia kilianzia kwao, kikiwa na mitishamba ya tiba, ndipo baba akaongeza kurasa za mimea ya kula. Mkono wa uganga ulimwendea Prim, mdogo wake Katniss. Katniss mwenyewe akiona kidonda kibaya hutamani kukimbia.

Marafiki nao? Gale, aliyefiwa na baba katika mlipuko uleule, alimfundisha kutega mitego. Peeta, mtoto wa mwoka mikate, alimrushia mikate iliyoungua siku ambayo alikuwa amekata tamaa kwa njaa, na kwa kuiunguza mikate hiyo alipigwa na mama yake. Na Rue, mpinzani wake wa miaka 12 kutoka wilaya nyingine katika Hunger Games, mashindano ya kuuana ambayo vijana wa Panem hulazimishwa kushiriki, ndiye aliyemwonyesha kiota cha nyigu wenye sumu kilichoning'inia juu yake mtini, kisha majani ya kutafuna na kubandika ili kuvuta sumu hiyo.

La ajabu kuliko yote ni somo la Haymitch, mshauri wake mlevi, aliyewahi kushinda mashindano yenye vijana 48, mara mbili ya idadi ya kawaida. Katniss akiwa anakufa kwa kiu uwanjani, alisubiri zawadi ya maji kutoka kwake. Haikuja. Akawaza: mtu huyu hana sababu ya kuninyima, basi maji yako karibu. Akajikokota mbele kidogo, akayakuta. Sijui mwalimu mwingine wa riwayani aliyefundisha vizuri hivyo kwa kukaa kimya.

Na Jennifer Lawrence, aliyemwigiza Katniss katika filamu ya 2012, naye alikuwa na wa kumshika mkono. Mafunzo ya upinde alipewa na Khatuna Lorig, mzaliwa wa Georgia, aliyeshiriki Olimpiki tano chini ya bendera tatu tofauti. Mwaka huohuo wa 2012, Lorig alishika nafasi ya nne katika Olimpiki ya London.