Parkinson Haiishii Mikononi

Mgeta, juu katika Milima ya Uluguru, mkulima mzee akianza kutetemeka mkono, kijiji kizima huona. Akianza kukosea chenji gulioni Nyandira, au akishindwa kupanga kazi ipi itangulie shambani, watu husema ni uzee tu. Kumbe yote mawili huweza kuwa ugonjwa mmoja: Parkinson.

Hata daktari aliyeueleza mwaka 1817, James Parkinson wa London, aliandika kwamba akili ya mgonjwa hubaki salama. Sivyo. Huko Sydney, Australia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 20. Kati ya waliokuwa bado hai, asilimia 83 walikuwa na demensia, yaani kupungukiwa na akili na kumbukumbu.

Ugonjwa huua seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na mwili huwa mzito. Lakini madhara hayaishii hapo. Ubongo hufanya kazi kwa maeneo yaliyo mbalimbali kupashana habari, na picha za MRI zinazopima utendaji huonyesha kwamba kwa wagonjwa wanaopungukiwa na akili mawasiliano hayo hulegea. Ni kama mfereji wa kumwagilia uliobomoka: shamba lipo, maji hayafiki. Kemikali nyingine, asetilikolini, nayo hupungua, na mgonjwa hupoteza umakini na kumbukumbu. Wengine huona watoto au wageni wasiokuwapo chumbani. Hayo si mashetani wala si kulogwa, na inauma kuona mzee akinyanyapaliwa kwa sababu hiyo.

Katikati ya miaka ya 2000 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, kwenye wakazi wapatao 161,000. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Jambo moja familia zilijue mapema. Benzheksoli, dawa ya bei nafuu inayopunguza kutetemeka, huzuia kazi ya asetilikolini ileile iliyokwisha kupungua. Mzee anayeitumia anaweza kuchanganyikiwa zaidi. Dawa nyingine ya Parkinson, levodopa, haina kasoro hiyo kwa kiwango hicho, ingawa nayo huweza kuchochea maono.

Basi ukimpeleka mzee Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, usieleze mkono peke yake. Taja kusahau, taja anayoyaona usiku, beba dawa zote anazomeza. Na usimkatishe dawa yoyote ghafla kabla daktari hajasema.