Je, Wajua? Mibuni Miwili, Tabia Mbili

Kwenye vilima vya Tarime hustawi arabika. Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria, robusta ndiyo iliyotawala. Yote ni kahawa, ila…

• Arabika hupenda ubaridi wa nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Robusta huvumilia joto zaidi na hukubali nchi za chini.

• Hata hivyo, sakitu huua zote mbili. Julai 1975 iliteketeza mashamba ya Paraná, Brazili, bei ya kahawa ikapaa duniani.

• Vitumba vya mbuni hulala kiangazi, kisha hufumbuka kwa pamoja siku chache baada ya mvua. Ukitoka Mugumu, Serengeti, kwenda Tarime wakati huo, utanusa harufu kama ya asumini. Usichelewe: maua hunyauka ndani ya siku mbili tatu.

• Ua la arabika hujichavusha lenyewe. Robusta hukataa chavua yake na kungoja ya mti mwingine. Ndiyo maana mche wa arabika uliotokana na mbegu hufanana na mama yake, huku miche ya robusta ikitofautiana.

• Arabika ina kromosomu 44, robusta 22. Sababu? Arabika ilizaliwa porini, robusta ilipochanganyika na mbuni mwitu uitwao Coffea eugenioides.

• Kafeini ya robusta ni karibu maradufu ya arabika. Humsumbua mdudu, humzidishia mnywaji uchungu.

• Ugonjwa wa chulebuni, adui wa arabika, uliripotiwa kwanza Kenya mwaka 1922. Robusta huuhimili, lakini mnyauko fuzari ulibainika Kagera mwaka 1997 na kuikausha mibuni yake.

• Wahaya walitafuna robusta kabla ya kuinywa. Punje mbili za tunda moja, zikipakwa damu, zilifunga udugu wa kuchanjiana.

• Mkwinini, uliotupa dawa ya malaria, ni wa ukoo mmoja na mibuni hii.

• Sirari, mpakani na Kenya, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI).

• Katika kisiwa cha Timor, miaka ya 1920, iligunduliwa chotara ya arabika na robusta iliyojizalia yenyewe. Kinga yake dhidi ya kutu ya majani imerithishwa kwa aina nyingi bora za leo. Mkulima wa arabika mwenye mche usioshikwa na kutu huenda anapalilia robusta kidogo bila kujua.