Jibini ya Edam haitaki kubanwa

Juzi shemeji yangu alinizuru hapa Riruta Satellite, akaniletea jibini ya Edam, bonge la mviringo, jekundu kama nyanya. Tukakata kidogo, iliyobaki nikaifunga gubigubi kwa nailoni, nikaitia frijini. Stima ikapotea siku mbili. Nilipoifungua, imetoa jasho na kuota ukungu kote. Nikaitupa. Kosa ni langu, ndugu msomaji, nawe lisikupate.

Edam ni mji wa Uholanzi. Jibini yake hutengenezwa kwa maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na yakishaganda, mabonge huoshwa kwa maji ili ukali upungue. Ndiyo maana ladha yake ni ya upole, hata watoto huipenda. Nta ya nje huizuia isikauke wala kuingia ukungu, lakini hailiwi. Mabaharia wa zamani waliibeba safari ndefu kwa kuwa haiharibiki upesi.

Ukishaikata, ifunge kwa karatasi ya kuokea, kisha uitie ndani ya kopo lenye kifuniko, frijini. Ukungu ukiota mahali pamoja tu, kata sentimita 2.5 kulizunguka doa. Usiigandishe, itakuwa chenga. Na palipo na stima ya kusuasua, nunua kipande kidogo.

La mwisho, soma lebo. Maziwa hugandishwa kwa reneti, na nyingine hutoka tumboni mwa ndama. Mwenye shaka na uchinjaji atafute iliyoandikwa kuwa reneti si ya mnyama. Tule kilicho halali, na tusikiache kikaoza.