Mgomo wa Madereva Mpakani

Watu wengi wasikiapo neno mgomo hufikiri habari za kiwanda: wafanya kazi wamesimama nje ya lango, na tajiri yumo ndani amekasirika. Mgomo ninaotaka kuueleza haukuwa na lango. Ulitokea Januari 2022 hapa mpakani kwetu, Busia na Malaba, na waliogoma ni madereva wa malori. (Msisahau kwamba Malaba ya Uganda imo katika wilaya ya Tororo, na ile ya Kenya imo katika Kaunti ya Busia.)

Asili yake ni ugonjwa wa Korona. Serikali ya Uganda iliamuru kila dereva aingiaye apimwe mpakani kwa malipo ya dola 30, hata kama alikuwa na cheti cha kupimwa Kenya. Fikirini, wenzangu: dereva hupewa posho ya safari. Akikwama siku nne katika foleni, posho huliwa papo hapo, naye hana choo, wala maji ya kuoga, wala kitanda ila kiti chake. Basi wakazima injini.

Silaha yao ilikuwa hiyo tu, lakini ni kali. Uganda haina bahari, na petroli yake nyingi hupitia Kenya na kuvuka hapa kwa malori. Foleni ya Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilometa ndani ya Kenya. Haukupita muda vituo vya petroli Uganda vikakauka, na mahali pengine lita moja ikauzwa shilingi 10,000, yaani kama mara mbili ya bei ya kawaida. Tena tarehe 10 Januari shule za Uganda zilifunguliwa baada ya kufungwa karibu miaka miwili! Mwendesha bodaboda na mzazi apelekaye mtoto shule hawakuwa wamemkosea dereva neno lolote, lakini hao ndio walioumia kwanza.

Je, madereva walikosa? Mimi naona kosa lilikuwa kwingine. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 40, na ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, zote mbili zinampa mfanya kazi haki ya kugoma. Lakini sheria za kazi humfikiria tajiri na mtumishi wake. Mwaka 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa wakidai mishahara, nao waliwajua matajiri wa kuwadai. Dereva Mkenya wa 2022 alikuwa akiidai serikali ya nchi nyingine, na hata mwenye lori hakuwa na uwezo wa kumpa alichotaka. Angepeleka mashtaka yake baraza gani?

Mwishowe serikali ya Uganda ilikubali kuyaondoa malipo yale. Injini zikawashwa, lakini foleni ya makumi ya kilometa haivuki mpaka kwa siku moja, na wa mwisho waliendelea kulala vitini.